Mwenye haya akikupenda, utamjuaje?

Leo tunalo jambo ambalo baadhi ya wazee watalipuuza na kusema ni mambo ya watoto. Hata hivyo jambo hilo limewakosesha vijana wengi usingizi, limewaangusha baadhi yao katika mitihani, na mara nyingine limemvunjia mtu heshima mbele ya darasa zima. Jambo lenyewe ni hili: unaye mwenzako mnayesoma naye darasa moja. Ni mtu wa haya, hasemi sana. Ukimtazama anainamisha macho. Ukimsalimu anajibu kwa sauti ya chini, kisha anashughulika na daftari lake. Nawe umeanza kujiuliza: je, huyu ananipenda, ananiogopa, au hana habari nami kabisa?

Nawazungumzia hapa vijana wa vyuo, yaani wale wa vyuo vikuu, vya ualimu, vya uuguzi, vya ufundi na vya biashara, pamoja na watu wazima wanaosoma masomo ya jioni baada ya kazi. Hao ni watu wenye umri wa kuamua mambo yao. Wale wa sekondari nao nitawagusa kabla sijamaliza, maana habari yao ina mipaka yake.

Tuanze na neno lenyewe, haya. Lugha yetu inatofautisha haya na aibu, ingawa siku hizi watu wengi huyachanganya maneno hayo. Aibu humpata mtu baada ya jambo kuharibika. Haya hutangulia, ndiyo inayomzuia mtu asilitende jambo, au asiliseme. Katika malezi yetu, pwani na bara, haya ni sifa, na kumwambia mtu kuwa hana haya ni kumtukana. Kwa hiyo unapokutana darasani na mtu mwenye haya, huenda umekutana kwanza na malezi ya nyumbani kwao kabla hujakutana na moyo wake. Msichana aliyefundishwa kutomkazia macho mwanamume, kupokea kitu kwa mikono miwili na kuitikia salamu kwa upole, atakufanyia hivyo wewe, atamfanyia mkufunzi, na atamfanyia mzee anayeuza karanga getini. Ukiihesabu adabu hiyo kuwa ni mapenzi, umekosea hesabu tangu mstari wa kwanza.

Tena watu wa namna hiyo si wachache. Mtaalamu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Philip Zimbardo, alilichunguza jambo hili katika miaka ya 1970 na kutoa kitabu mwaka 1977. Kati ya watu aliowahoji, kiasi cha asilimia 40 walijitaja kuwa ni watu wa haya wakati huo huo walipoulizwa, na zaidi ya asilimia 80 walisema wamewahi kuwa hivyo katika kipindi fulani cha maisha yao. Wapo hata wale wanaochangamka hadharani, hutania na kucheka, lakini ndani wanatetemeka. Kwa hiyo katika darasa la watu 50 usifikiri mwenye haya ni huyo mmoja unayemtazama wewe. Wako wengi, na wengi wao hawana lolote moyoni juu yako.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Nani athubutu kubishana na wahenga? Lakini na tukumbuke kwamba kikohozi chenyewe kina sababu nyingi. Mtu hukohoa kwa mafua, hukohoa kwa vumbi la chaki, na hukohoa kwa pilipili aliyoila mchana. Ukisikia kikohozi umejua kuwa mtu anakohoa, basi. Kilichomkohoza bado hujakijua. Ndivyo ilivyo kwa dalili ambazo vijana huhesabiana bwenini usiku: anatokwa na jasho nikimkaribia, anababaika akitaka kusema, anachezea kalamu, anakwepa macho yangu. Vitabu vya Ulaya huongeza kuwa mashavu huiva yakawa mekundu. Kwa ngozi zetu hizi hilo halina msaada mkubwa, maana mtu anaweza kuwaka moto usoni na wewe uliye mbele yake usione kitu.

Tatizo ni kwamba mwili wa binadamu hauna kengele ya mapenzi peke yake. Moyo hudunda kwa upendo, na hudunda vile vile kwa hofu. Mikono hutoka jasho kwa yote mawili. Hata mwenye mwili huo huweza kuchanganyikiwa. Mwaka 1974 watafiti wawili, Donald Dutton na Arthur Aron, walieleza jaribio walilolifanya Kanada. Wanaume waliovuka daraja linaloyumba, lililoning'inia juu sana ya mto Capilano, walikutana huko na mwanamke aliyewauliza maswali kisha akawapa namba yake ya simu. Wanaume wengine walikutana naye kwenye daraja imara lisilotisha. Kati ya wanaume 18 wa daraja la kutisha waliopokea namba, 9 walimpigia simu baadaye. Kati ya 16 wa daraja imara, walipiga 2 tu. Maelezo ya watafiti hao yalikuwa kwamba mdundo wa moyo ulioletwa na hofu, baadhi ya wanaume waliuhesabu kuwa ni mvuto wa yule mwanamke. Sasa ikiwa mwenye moyo hakujua moyo wake unadundia nini, wewe uliyeketi viti vitatu nyuma yake utajuaje?

Hivyo basi, ndugu yangu, tuziweke kando dalili za kutetemeka, maana hizo zinatuambia tu kuwa mtu huyu ana haya, jambo ambalo tulikwisha kulijua. Badala yake tujiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: je, hivyo ndivyo alivyo kwa watu wote? Hapa ndipo vijana wengi hujikwaa. Kijana huhesabu mara ngapi mwenzake amemtazama, amemkwepa au amemchekea, lakini hahesabu mara ngapi mtu huyo amewatazama, amewakwepa na amewachekea wengine. Kama anainamisha macho mbele ya kila mtu, kuinamisha macho mbele yako hakuna maana yoyote. Kinachotafutwa ni tofauti. Mtu anayezungumza vizuri na wenzake wote, ila wewe ukifika anakuwa bubu, huyo ana jambo. Na mtu aliye bubu kwa wote, ila kwako anajikaza akasema maneno mawili matatu, huyo naye ana jambo. Lakini angalia: kuwa na jambo si lazima kuwe ni mapenzi. Yawezekana yule wa kwanza ulimkwaza siku moja bila wewe kujua, na anakuepuka kwa sababu hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza peke yake halitoshi.

Swali la pili: je, anafanya jambo linalomgharimu? Mwenye haya huwa na akiba ndogo ya ujasiri, na mtu mwenye akiba ndogo haitumii ovyo. Anapoitumia kwa ajili yako, hapo pana habari. Mtazame yule asiyepeleka swali kwa mkufunzi hata kama hajaelewa somo, lakini siku ulipokosa kipindi kwa malaria alikuja mwenyewe na daftari lake, akakwambia kwa sauti isiyosikika vizuri, "Nilidhani utayahitaji." Mtazame yule ambaye hakai mbele, lakini siku ya zamu yako ya kusoma kazi ya kikundi alikaa mbele. Au yule asiyekumbuka siku ya mtihani, lakini anakumbuka kwamba mama yako alikuwa mgonjwa mwezi uliopita na anauliza hali yake. Mambo hayo ni madogo mno kwa mtu mchangamfu, ambaye huyafanya kwa watu kumi kabla ya saa nne asubuhi. Kwa mwenye haya yana uzito, kwa sababu kila moja limemtaka ashinde nafsi yake kwanza. Kwa kifupi, usipime anavyotetemeka, pima anachokifanya ingawa anatetemeka.

Swali la tatu: je, jambo hilo linajirudia, na halina haja nyingine? Kuazima kalamu mara moja ni kuazima kalamu. Wiki ya mitihani kila mtu humkumbuka mwenye maelezo mazuri ya somo la takwimu, na baada ya matokeo humsahau. Mtu anayekusogelea kwa sababu ya hesabu zako ataondoka na hesabu zake. Ikiwa amekwisha kupata fotokopi zote alizozihitaji, na bado njia yake ya kwenda kituo cha daladala inapita pale unapopita wewe, hali anajua kuna njia iliyo fupi zaidi, hapo unaweza kuanza kufikiri. Na hata hapo fikiri tu, usihitimishe.

Kuna jambo jingine la darasani linalopoteza watu, nalo ni ukaribu wa viti. Mwaka 1974 mtafiti Mady Segal aliandika juu ya wanafunzi wa polisi katika jimbo la Maryland, Marekani, ambao walipangiwa vyumba na viti kwa kufuata alfabeti ya majina ya ukoo. Walipotakiwa kuwataja marafiki zao, waliwataja sana wale ambao majina yao yalikaribiana na yao katika orodha. Urafiki uliletwa na orodha ya mahudhurio! Tena mwaka 1992 Richard Moreland na Scott Beach wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walieleza jinsi walivyowatuma wanawake wanne wahudhurie kipindi kimoja cha chuo. Mmoja hakuhudhuria kabisa, wengine walihudhuria mara 5, mara 10 na mara 15. Hawakuzungumza na mtu yeyote. Mwisho wa muhula wanafunzi walipoonyeshwa picha zao, walivutiwa zaidi na yule aliyehudhuria mara nyingi zaidi, ingawa wengi hawakuweza kusema kuwa wanamfahamu.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba mazoea huzaa kupendezewa, hata bila maneno. Hiyo ni heri, kwa sababu mwenye haya ambaye hajawahi kukusemesha anaweza kweli kuwa amekuzoea na kukupenda kwa muda mrefu. Lakini ni tahadhari pia, kwa sababu wewe nawe unaweza kuwa umevutwa na mazoea tu ya kumwona kila Jumatatu saa mbili.

Hapo nafika mahali pagumu kidogo. Mara nyingi anayeuliza kama fulani anampenda, yeye mwenyewe ndiye aliyekwisha kupenda. Na kutokujua kunaongeza moto. Mwaka 2011 watafiti Erin Whitchurch, Timothy Wilson na Daniel Gilbert walichapisha matokeo ya jaribio lao na wanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Virginia. Wasichana hao waliambiwa kuwa wanaume wa vyuo vingine wameziona kurasa zao za Facebook. Baadhi waliambiwa wanaume hao wamewapenda sana, wengine kwamba wamewapenda kwa kiasi tu, na kundi la tatu likaambiwa huenda ni hivi, huenda ni vile. Waliovutiwa zaidi na wanaume hao ni wale wa kundi la tatu, walioachwa njia panda, tena waliwafikiria mara nyingi zaidi. Basi kama umekesha siku tatu ukiutafakari ukimya wa mwenzako, ujue kuwa ule ukimya wenyewe unayapika mapenzi yako. Kabla hujamchunguza yeye, jiulize: kama ningeambiwa leo kwa hakika kuwa hanipendi, ningeendelea kumwona hivi ninavyomwona?

Kwa vijana wa kiume nina neno la ziada. Mwaka 1982 mtafiti Antonia Abbey wa Marekani alieleza jaribio ambalo mwanamume na mwanamke wasiofahamiana walizungumza kwa dakika tano, na mwanamume mwingine na mwanamke mwingine wakawaangalia kwa siri. Wanaume, yule aliyezungumza na yule aliyeangalia, waliuona uchangamfu wa mwanamke kuwa una mwaliko wa kimapenzi kuliko wanawake walivyouona. Tofauti hii imeonekana tena katika tafiti nyingi zilizofuata. Kwa hiyo, kijana, unapojisikia una hakika, punguza kidogo. Tabasamu la msichana mwenye haya linaweza kuwa ni njia yake ya kuomba mazungumzo yaishe kwa amani.

Sasa tugeuke upande wa pili, upande wa yule mwenye haya, kwa maana naye ana kosa lake, na kosa hilo limewaachanisha watu ambao wangeweza kujenga nyumba. Mwenye haya hudhani kuwa anaonekana ndani. Anadhani moyo wake ni kama duka la kioo, kila apitaye anaona bidhaa. Mwaka 1998 Thomas Gilovich na wenzake walilipima jambo hili. Waliwanywesha watu vinywaji vya ladha mbalimbali, vingine vibaya sana, wakawaambia wasionyeshe usoni. Wanywaji walidhani watazamaji wamekwisha kuvigundua vile vibaya, kumbe watazamaji waligundua kidogo kuliko walivyodhaniwa. Mwaka 2003 Jacquie Vorauer na wenzake wa Kanada wakaonyesha jambo lililo karibu zaidi na letu: mtu mwenye hofu ya kukataliwa hufikiri kwamba ametoa ishara kubwa ya kupenda, kumbe aliyepelekewa ishara hiyo hata hakuiona.

Tazama hasara inayotokea. Msichana anasema "habari za asubuhi" kwa mvulana mmoja tu, kila siku, kwa muhula mzima. Kwake yeye hilo ni tangazo la redio. Mvulana anaitikia na kuendelea na safari yake. Msichana anaona amekataliwa, anaacha kusalimu, anahamia kiti cha nyuma. Mvulana, ambaye alikuwa ameanza kumpenda, anaona msichana amebadilika, naye anasema moyoni kuwa kumbe alijidanganya. Wote wawili wamekataliwa, na hakuna aliyekataa. Ndiyo maana nasema kupuuza ishara ndogo za mwenye haya ni kosa, kama vile kuzikuza ni kosa.

Ufanye nini, basi? Kwanza, mpunguzie mzigo. Mwenye haya huchoka kuzungumza uso kwa uso, hasa mbele ya watu. Huzungumza vizuri zaidi mkiwa bega kwa bega na pana kazi mkononi: mnatembea kuelekea kituoni, mnapanga karatasi za kikundi, mnakula chipsi nje ya kantini huku mkitazama barabara. Zungumza juu ya kazi, kisha juu ya nyumbani, wala usianze kwa kumuuliza mambo ya moyoni. Mwambie jambo dogo lako mwenyewe, halafu ngoja. Wengi hukosea hapo, kwani kimya kikipita sekunde tano hukijaza kwa maneno. Mwenye haya anahitaji zile sekunde kumi ndipo apate sentensi yake. Ukimpa nafasi, na wiki baada ya wiki sentensi zake zikawa ndefu, na akaanza yeye kuuliza, huo ni ushahidi wenye thamani kuliko macho mia moja ya kuibia.

Siku hizi kuna pia maandishi ya simu. Wapo watu ambao kinywani ni mabubu, lakini kwenye WhatsApp wanaandika kurasa. Msishangae, maana barua imekuwa kimbilio la wenye haya tangu enzi za bahasha na stempu. Katika maandishi mtu hupata muda wa kufuta na kuandika upya, na hakuna anayemwangalia usoni. Lakini usihukumu kwa kasi ya majibu. Tiki mbili za buluu bila jibu zaweza kuwa ni dharau, na zaweza kuwa ni mtu aliyeandika jibu mara nne akalifuta mara nne. Angalia kama jibu likija lina swali ndani yake. Anayetaka mazungumzo yaendelee hukurudishia mpira.

Wapo watakaosema: kwa nini nisimtume rafiki akaniulizie? Sisi ni watu wa mshenga bwana! Kweli, lakini na tukumbuke mshenga alikuwa nani. Alikuwa mtu mzima, mwenye siri, anayeheshimiwa na pande zote mbili, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuwawezesha watu kukataa bila kuvunjiana uso. Posa ikikataliwa, jambo liliishia kwake. Rafiki yako wa bwenini si mshenga wa namna hiyo. Ukimtuma saa nne, saa sita habari iko katika kundi la WhatsApp la darasa, na saa nane kuna watu wanaopiga makofi yule mwenye haya anapoingia ukumbini. Kwa mtu mchangamfu huo ni utani. Kwa mwenye haya huo waweza kuwa mwisho wa kuhudhuria kipindi hicho. Kama ungetaka kumfanya akuchukie, usingepata njia ya mkato kuliko hiyo.

Mwisho wa yote, kuna njia moja tu ya kujua, nayo ni kuuliza. Kuuliza si ujinga. Dalili zote tulizozitaja hazikupi jibu, zinakuambia tu kama wakati wa kuuliza umefika. Uliza mkiwa wawili, mahali palipo wazi ambapo anaweza kuondoka akitaka, si chumbani kwako wala ndani ya gari. Uliza kwa maneno mafupi na mepesi: "Nafurahi tukizungumza. Ningependa tukapate chai Jumamosi, mimi na wewe. Kama hupendi, niambie tu, na tutaendelea kusoma pamoja kama kawaida." Ile sentensi ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, na sharti uimaanishe.

Kisha usikilize jibu kwa makini, kwa sababu wenye haya hawasemi hapana. Husema "labda", husema "nitaangalia", husema "siku hizi nina kazi nyingi". Ipo namna ya kutofautisha. Anayetaka lakini ameshindwa siku hiyo, aghalabu hutaja siku nyingine: "Jumamosi siwezi, labda Alhamisi." Asiyetaka huiacha ile "labda" ikining'inia. Ukipata "labda" mbili zisizo na siku, umejibiwa. Usiulize mara ya tatu, wala usimpelekee zawadi ya kumlainisha.

Na hapa nasisitiza kwa uzito wote. Kuna msemo unaopendwa vijiweni kuwa kimya ni kukubali. Kwa mtu mwenye haya msemo huo ni hatari, kwa sababu yeye hunyamaza akitaka na hunyamaza asipotaka. Anaweza kuipokea soda yako kwa kushindwa kuikataa. Anaweza kupanda gari lako kwa kuogopa kukuudhi. Anaweza kuuacha mkono wako begani kwake huku roho ikimtoka. Wakubwa na wadogo wametendewa maovu mengi chini ya kivuli cha kimya hicho. Palipo na kimya, hesabu kuwa hakuna ruhusa, mpaka ruhusa isemwe kwa kinywa.

Niliahidi kuwagusa wa sekondari. Vijana, kumpenda mwenzako wa darasani si dhambi wala ugonjwa, na karibu kila mtu mzima anayekukaripia amepita hapo. Lakini moyo una haraka, na shule ina ratiba yake. Kumheshimu mwenye haya katika umri wenu ni kuwa rafiki yake wa kusoma, na kuyaacha mengine yasubiri. Na kwa watu wazima wanaozungukazunguka mageti ya shule wakisema binti fulani "anawaonea haya", mjue kuwa Sheria ya Elimu ya Tanzania, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inatamka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Ninyi wazazi nanyi, msimcheke mtoto anapouliza habari hizi. Akichekwa nyumbani, atakwenda kuuliza kijiweni.

Na kwako wewe mwenye haya, ambaye huenda umesoma haya yote ukijifunika gazeti usoni ndani ya daladala: mwenzako haoni ndani ya moyo wako. Ile salamu unayodhani imesema kila kitu haijasema. Si lazima uwe mchangamfu kama wengine, wala hakuna anayekutaka upande jukwaani. Ongeza neno moja tu juu ya salamu ya kesho. Muulize jana alifikaje nyumbani. Na kama humtaki anayekufuata, neno "sitaki" ni halali kwako, na adabu uliyofunzwa nyumbani haikukatazi kulitamka.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane tena juma lijalo, saa ile ile redioni na ukurasa huu huu gazetini, panapo majaliwa.